Simu Mkononi Mwangu, Ufunguo Mfukoni mwa Mwingine

Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa moja kasoro asubuhi, simu yangu iliamua kwamba si yangu. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ile tunayoiita TP, katika shule moja ya sekondari ya kata wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Baridi ya kule watu wa Dar hamuijui, vidole vinakuwa kama si vyako. Nikabonyeza simu ili nisome andalio la somo la Kidato cha Pili kabla ya kengele. Badala ya picha ya mama yangu niliyoizoea, kioo kizima kikajaa maandishi ya kunitaka nilipe deni ili niendelee kutumia kifaa.

Nilikuwa nadaiwa siku tatu. Buku na mia mbili kwa siku, jumla shilingi 3,600. Hela yenyewe nilikuwa nayo, na nitaeleza hapo mbele ilikuwa wapi. Kwanza niwaambie simu hiyo niliipataje, maana najua wengi wenu mmeipata kwa njia ile ile, na wengine mtaipata hivyo hivyo wiki ya usajili ikifika.

Nilipoingia mwaka wa kwanza nilikuwa na kitochi. Siku ya tatu tu chuoni nikajua kitochi hakitanifikisha. Matangazo ya darasa yako kwenye kundi la WhatsApp, ratiba imebadilishwa na taarifa iko kwenye kundi, mhadhiri ametuma kitini na kiko kwenye kundi. Boom lilikuwa halijatoka. Karibu na geti palikuwa na hema, muziki mkubwa, vijana wamevaa fulana za rangi moja. Mmoja akaniita, "Dada, simu hii hapa, kianzio elfu hamsini tu, unaondoka nayo leo. Iliyobaki unalipa kidogo kidogo, buku na mia mbili kwa siku. Hata soda ni bei hiyo." Nikatoa elfu hamsini aliyonipa mjomba, nikaweka kidole kwenye kimashine, nikasaini kwenye kioo cha simu yake maandishi ambayo sikuyasoma. Nikaondoka natabasamu.

Sisi wa Ualimu tunafundishwa kwamba swali zuri ni nusu ya somo. Siku ile swali zuri lilikuwa moja tu, na sikuliuliza: yote kwa jumla ni shilingi ngapi? Tufanye hesabu pamoja sasa. Shilingi 1,200 mara siku 365 ni 438,000. Ongeza kianzio cha 50,000, unapata 488,000. Simu ya aina ile ile, mpya, kwenye boksi lake, nilikuja kuikuta Kariakoo mtaa wa Aggrey inauzwa 265,000. Tofauti ni 223,000. Kwa sisi wenye mkopo wa chakula na malazi wa shilingi 10,000 kwa siku, hizo ni siku 22 za kula na kulala. Nilikula siku 22 za maisha yangu chini ya hema lile na sikujua.

Najua kuna atakayesema, "Madam, hiyo ndiyo biashara, nani alikulazimisha?" Kweli, hakuna aliyenilazimisha. Na sitaki kuandika kama mtu anayedhani mkopo ni dhambi. Mimi mwenyewe nasoma kwa mkopo. Aliyekuuzia simu kwa kianzio cha elfu hamsini amebeba hatari kwamba utatokomea nayo, na ana haki ya kujilinda. Rumu yetu ya mwaka wa kwanza tulikuwa wanne, wawili tulichukua simu za hema. Mwenzangu alilipa hadi mwisho bila kuchelewa hata siku moja, na mpaka leo anaishukuru simu ile kwa sababu bila hiyo asingepata kazi ya kufundisha tuisheni mtandaoni. Ninachobishania si mkopo. Ni kufuli. Na kufuli lenyewe, kumbe, haliko moja.

Turudi Kilolo. Wiki ya kwanza tu niligundua kwamba mtandao wa laini yangu unapatikana sehemu moja pale kijijini: juu ya kilima, pembeni ya tanki la maji. Walimu wote wa pale wanatumia mtandao mwingine, ambao unashika hadi ndani ya madarasa. Nikasema hakuna shida, nikaenda dukani, nikasajili laini ya mtandao ule, nikaichomeka. Simu ikaniambia kadi hii hairuhusiwi. Nikazima, nikawasha. Hairuhusiwi. Mwalimu wa Hesabu akaichukua, akaigeuza geuza, akacheka kwa huruma. "Madam, hii imefungwa. Inakula laini za kampuni moja tu." Miezi tisa nilikuwa nayo, nikaijua tabia hiyo siku hiyo, kilomita mamia kutoka kwenye lile hema.

Basi ikawa kila jioni napanda kilimani kulipa buku na mia mbili yangu, kusoma ujumbe wa siku nzima, na kumpigia mama. Halafu zikaja siku tatu za ukungu na manyunyu, na mimi nina madaftari ya mikondo miwili ya kusahihisha. Sikupanda. Hela ilikuwemo kwenye laini, ila laini haikuwa na mtandao, kwa hiyo hela ikakaa palepale kama maji kwenye kisima kisicho na kamba. Asubuhi ya nne, kufuli.

Mwalimu wa Hesabu akanilipia kwa kitochi chake. Ujumbe ukaja pale pale: malipo yamepokelewa, asante. Nikaitazama simu yangu. Imefungwa vile vile. Ili ifunguke ilipaswa ipokee amri kupitia intaneti, na intaneti iko kilimani. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mimi dawa nilikunywa, ugonjwa ukabaki.

Kipindi cha tatu, gari jeupe likaingia getini. Mhadhiri wetu wa kutukagua. Ujumbe wa kwamba anakuja alikuwa ameutuma kwenye kundi tangu jana yake. Andalio la somo liko ndani ya simu. Azimio la kazi liko ndani ya simu. Mifano ya uundaji wa maneno niliyoikusanya wiki nzima, nayo ndani ya simu. Nilifundisha kwa kichwa, na watoto wa Kidato cha Pili, Mungu awabariki, walinyoosha mikono kuliko siku zote. Lakini mhadhiri aliponiomba andalio nikaanza kumweleza habari za kufuli, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, andalio la somo halihadithiwi." Alama alizonipa sitaziandika hapa, mama asije akasomewa. Alipoondoka nilipanda kilimani. Simu ikafunguka yenyewe ndani ya dakika mbili, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndiyo, ningeweza kuandika andalio kwenye daftari. Nimejifunza, na sasa naandika. Lakini hebu fikiria kitabu cha kiada ambacho mwenye duka anaweza kukifunga akiwa Dar es Salaam wakati mwalimu yuko mbele ya darasa Kilolo, na hata akishalipwa hakifunguki mpaka mwalimu apande mlima. Hakuna shule ambayo ingekikubali. Kwenye simu tumekikubali, tena kwa muziki.

Tangu siku ile nilianza kuuliza uliza kama mtu aliyeibiwa. Nimejifunza kwamba makufuli ni matatu, na kila moja lina mwenyewe.

La kwanza ni kufuli la deni. Ni programu inayowekwa na aliyekukopesha, inazima simu ukichelewa kulipa. Hili linatakiwa kuondoka ukimaliza deni. Ndiyo maana ukinunua simu ya mkononi kwa mtu kwa bei ya kutupa, muulize kwanza kama deni limekwisha. Simu yenye deni la mwingine inaweza kufunguka leo na kufungwa kesho kutwa, na hata ukiifuta kila kitu na kuianzisha upya, kufuli linarudi. Hapo utakuwa umenunua deni, simu umeazimwa.

La pili ni kufuli la mtandao. Hili linaifanya simu ikatae laini za kampuni nyingine. Halina uhusiano na kama umelipa au hujalipa. Mimi nilimaliza deni langu mwezi wa kumi na moja, nikapata ujumbe wa pongezi wenye nyota nyingi, kufuli la deni likaondoka. Nikachomeka laini nyingine kwa furaha. Kadi hii hairuhusiwi. Nikaenda kwa wakala, akanituma dukani kwao mjini. Dukani nikaambiwa nisubiri nitapigiwa. Nimesubiri hadi nimechoka kuhesabu wiki. Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na naomba msomaji uishike: kufuli la deni nalielewa, kwa sababu deni lipo. Kufuli linalobaki baada ya deni kwisha linalinda nini? Nimelipa 488,000 kwa kitu cha 265,000, na bado mtu mwingine ndiye anayeamua nipige simu kwa mtandao gani.

La tatu ni kufuli la akaunti, na hili tunawekeana sisi wenyewe. Simu nyingi zilizotumika, zile tunazoita za Dubai, zinakuja na akaunti ya mwenyewe wa zamani ndani yake. Ukiifuta, inakudai barua pepe na nywila ya mtu usiyemjua. Na nyingine kati ya hizo zilikuwa za kampuni za simu za Marekani, kwa hiyo zina kufuli la mtandao wa huko. Utakuta muuzaji amepachika kikadi chembamba chini ya laini ili kuidanganya simu. Inapiga leo, ukisasisha programu inakufa. Bei yake ya chini ina sababu.

Wenzetu wameshalifikiria jambo hili. Kanada imezuia kampuni kuuza simu zenye kufuli la mtandao tangu Desemba 1, 2017, na wateja wenye simu za zamani wakapewa haki ya kufunguliwa bure. Uingereza nayo ikafanya hivyo kuanzia Desemba 2021. Kampuni za huko bado zinakopesha simu. Deni linadaiwa kama deni, na simu inabaki simu. Kwa hiyo anayesema bila kufuli la mtandao biashara ya simu za mkopo itakufa, anitajie kwa nini kule haijafa.

Tuache ya Ulaya na Amerika, tuje kwenye haki ambayo tayari tunayo hapa Tanzania na hatuitumii. Ni haki ya kuhama mtandao na namba yako. Niliwauliza watu kumi na wawili wa darasa langu kama wanajua kwamba unaweza kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila kubadili hata tarakimu moja. Wanne walijua. Wengine waliniambia haiwezekani, kwa sababu namba inaanza na tarakimu za kampuni fulani. Inawezekana, na imewezekana tangu Machi 1, 2017, chini ya TCRA. Jirani zetu Kenya walianza tangu 2011. Sisi tunaendelea kutembea na laini tatu mfukoni, moja ya bando la usiku, moja ya kupiga nyumbani, moja ya kupokea hela, na simu yenye matundu mawili.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutobadili namba, na nadhani kila mmoja wenu ana ya kwake. Mama yangu yuko Kasulu. Kusoma anasoma kwa shida. Namba yangu ameiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa chumba chake, kubwa, juu ya ile ya mjomba. Akitaka kunipigia anamwita mtoto wa jirani, mtoto anasoma mlangoni, anabonyeza. Nikibadili namba, mlango unakuwa umekosea. Nani ataupaka upya? Na si mama tu. Namba hiyo ndiyo iko benki, iko kwenye mfumo wa chuo, iko kwa watu wa mkopo wa elimu ya juu, iko kwenye barua pepe yangu kwa ajili ya kurudishia nywila. Namba ya mwanachuo siku hizi ni kama jina la ubatizo. Ndiyo maana kampuni inakushika: haikushiki kwa uzuri wa huduma, inakushika kwa sababu kubadili namba ni kujipoteza.

Basi, baada ya kilima cha Kilolo, nikaamua mambo mawili: nipate simu isiyofungwa, na nihamie mtandao unaoshika huko ninakopelekwa kufundisha, namba ikiwa ile ile. Nitaeleza nilivyofanya, ili anayetaka afuate.

Simu kwanza. Rumuni tulianzisha mchezo, wasichana wanane, elfu thelathini kila mwezi. Mzunguko wangu ulikuwa wa tatu, nikapokea 240,000. Nikaongeza kidogo ya tuisheni, nikaenda Kariakoo na mwenzangu anayejua kubishana bei. Safari hii niliingia na masharti. Nilibeba laini mbili za kampuni tofauti, nikazichomeka zote kabla ya kutoa hela, nikapiga simu kwa kila moja. Nikabonyeza *#06#, zikatokea zile tarakimu kumi na tano za utambulisho wa simu, nikalinganisha na zilizoandikwa kwenye boksi. Nikazituma kwenda 15090, ukaja ujumbe wa kutaja aina ya simu, ikalingana na iliyoko mkononi. Wenye kumbukumbu watajua kwa nini hilo ni muhimu: Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na watu waliamka wakiwa na vipande vya plastiki. Nikadai risiti yenye tarakimu hizo. Muuzaji akaniambia, "Dada, wewe ni polisi?" Nikamwambia ni mwalimu. Akasema ni yale yale.

Halafu laini. Hapa ndipo nilipokwama kwa sababu ambayo wengi mtakwama nayo. Nilibonyeza *106# kuangalia usajili, nikakuta laini yangu, namba iliyoko kwenye mlango wa mama, si yangu. Niliipata nikiwa Kidato cha Nne, sina kitambulisho cha NIDA, ikasajiliwa kwa kidole cha mjomba. Miaka yote hiyo, kisheria, mwenye namba ni mjomba. Siku akikasirika, au Mungu apishe mbali akitangulia mbele ya haki, sina cha kudai. Nilisubiri hadi alipokuja Dar wakati wa Pasaka, tukaenda wote dukani, akaweka kidole chake, nikaweka changu, ikawa yangu. Mjomba akatania kwamba ndiyo mahari yenyewe hiyo.

Baada ya hapo kuhama kukawa kwepesi kuliko nilivyotishwa. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaotaka kuhamia, si ule unaotoka. Unakwenda na namba yako ya NIDA, unaweka kidole, unapewa laini mpya. Unatuma neno HAMA kwenda 15080 kutoka kwenye laini yako ya zamani, kisha unasubiri ujumbe. Laini ya zamani ikizima, unachomeka mpya, namba ni ile ile.

Lakini kuna mambo ambayo wakala mwenye haraka hatakuambia, na ni afadhali uyasikie kwangu. Salio la vocha na bando lililobaki havihami na wewe, kwa hiyo vitumie kwanza. Hela iliyoko kwenye akaunti ya simu nayo haihami, itoe yote au itume kwa mtu unayemwamini. Mimi nilimtumia mama. Kama ulikopa salio, lipa. Ukishahama, utakaa huko siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuhama tena, kwa hiyo usihame kwa hasira ya siku moja ya mtandao kuzingua. Na kabla ya kuhama, kaa wiki moja na laini ya kawaida ya huo mtandao mpya, itembeze: darasani, hosteli, nyumbani, huko TP. Hakuna mtandao bora Tanzania nzima, kuna mtandao bora pale ulipo wewe. Uliopo kilimani Kilolo ndio huo huo unaokimbia kama swala hapa chuoni.

Jioni ile nilikaa na simu mkononi nikiogopa. Saa mbili usiku ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona leo unasikika kama uko hapa nje?"

Nikamwambia nimehama mtandao. Akauliza kama afute mlango. Nikamwambia, mama, mlango uache kama ulivyo.

Sasa nigeukie serikali yetu ya wanafunzi, maana gazeti hili ni la kwao pia na najua wanasoma. Kila Oktoba na Novemba mahema yanarudi. Wanaoingia mwaka wa kwanza wana miaka kumi na tisa, hawana simu ya maana, boom halijatoka, na kundi la darasa liko WhatsApp. Hakuna mteja rahisi kuliko huyo duniani. Siombi mahema yafukuzwe, kwa sababu yakifukuzwa yatahamia ng'ambo ya barabara, na anayehitaji simu ataifuata huko huko. Naomba mambo matatu.

Kwanza, anayetaka kuuza simu ya mkopo ndani ya eneo la chuo abandike mbele ya hema lake bango moja la Kiswahili lenye mistari minne: bei ya taslimu, bei yote ya mkopo hadi siku ya mwisho, simu ina kufuli gani, na kufuli hilo litaondoka lini. Asiyetaka kuandika mstari wa nne, tumeshajua jibu lake.

Pili, uongozi wetu uziandikie kampuni zinazokuja chuoni na kuzitaka zikubali jambo la kawaida kabisa: deni likiisha, kufuli la mtandao liondoke siku hiyo hiyo, bila mteja kupanda daladala tatu kuliomba. Na simu ikifungwa kwa deni, mtu aendelee angalau kupokea simu zinazoingia na kufungua mafaili yake. Kumnyima mwalimu maandalio yake si kudai deni, ni kumkomoa.

Tatu, wiki ya usajili iwekwe meza moja, hata ya plastiki, wakae mawakala wa mitandao yote, na mwanafunzi yeyote aje aangalie laini yake imesajiliwa kwa jina la nani, na ajue hatua za kuimilikisha na kuhama. Tunapanga foleni ya bima, foleni ya kitambulisho, foleni ya hosteli. Hii ya laini ni fupi kuliko zote.

Kwa wewe ambaye hutasubiri uongozi, ushauri wangu ni mdogo. Kama unaweza kuvumilia na kitochi miezi mitatu, vumilia, ingia kwenye mchezo, ununue simu iliyo wazi hata kama si ya kisasa. Vitini vya darasa mwenzako wa rumuni atakusomea. Kama huwezi, chukua ya mkopo, sitakucheka, ila fanya hesabu ya jumla kwa sauti mbele ya muuzaji, na uchomeke laini ya kampuni nyingine papo hapo uone kama inakubali. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mimi niliazima darasani, mbele ya watoto arobaini na mhadhiri mmoja.

Ile simu ya kwanza bado ninayo. Inakaa kwenye sanduku, inashika mtandao mmoja tu. Nimepangiwa TP nyingine mwaka huu, na nimeshauliza walimu wa huko wanatumia mtandao gani. Maandalio nimeyaandika kwenye daftari.